Udongo Uliokuwa Mweupe Siku ya Ijumaa

Kisarawe, Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimefika leo kwa lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu. Mhariri anataka habari za udongo mweupe. Kampuni moja ya vyombo vya udongo kutoka ng'ambo imeleta mashine ya kuupima, na kabla ya mwezi wa Mei itaamua shamba la nani litachimbwa. Nimepewa masika yote kwa sababu hakuna mwenzangu aliyekubali kukaa huku wakati wa mvua.

Nimepanga chumba kwa Bi Siwema, mjane anayeuza vitumbua. Ameniuliza kama waandishi wa gazeti wanakula samaki. Nimesema wanakula. "Afadhali," amesema. "Aliyekutangulia alikuwa mtu wa serikali. Mayai tu, asubuhi na jioni, mpaka kuku wangu wakanichukia."

Jumatano, 6 Machi

Nimeiona mashine. Imewekwa katika nyumba ya mawe iliyokuwa ghala ya pamba, yenye dirisha moja. Wanaoishughulikia ni wawili. Bwana Kemp, Mwingereza wa kampuni, ni mrefu, ana kaptura ya kaki na Kiswahili kizuri alichojifunza Tanga. Isihaka Jumbe ni fundi. Alikuwa mtu wa redio jeshini, akaenda nazo vitani mpaka Bama na kurudi.

Kazi yao ni hii. Udongo hukaushwa, husagwa, huchekechwa, kisha hugandamizwa uwe kisahani kama chapati nene. Kisahani hutiwa ndani ya kisanduku, humulikwa kwa taa ndogo ya betri, na mwanga unaorudi hupokewa na jicho la umeme. Udongo ukiwa mweupe zaidi, sindano hupanda zaidi. Lakini mwanga unaorudi ni mdogo mno. Kwa hiyo mbele ya taa kuna sahani ya bati yenye matundu, inayozungushwa na mota, ili mwanga ukatwekatwe. Pembeni kuna sanduku la valvu, zile chupa za kioo zilizomo ndani ya redio, nalo limefundishwa kusikia mwanga unaokatika kwa mwendo wa ile sahani, basi.

Sikuelewa. Isihaka aliniona.

"Umewahi kwenda ngomani, Bwana Saburi?"

"Nimekwenda."

"Uwanja mzima kelele. Huyu anacheka, yule anagombana na mkewe. Wewe ndiye mpiga ngoma. Wote huwasikii, lakini anayepiga makofi sawasawa na ngoma yako utamsikia hata akiwa nyuma ya nyumba. Mashine hii inasikiliza mwanga namna hiyo."

"Na mwanga wa dirishani?"

"Huo mpita njia. Haupigi makofi."

Ndiyo maana hawakujali mlango mdogo wa kisanduku ulipovimba kwa unyevu. Bwana Kemp aliung'oa, akauweka kando. Mwanga wa nje hauna mapigo, alisema, kwa hiyo mashine haiuoni.

Ijumaa, 8 Machi

Kila shimo lina siku yake. Jumatatu hadi Alhamisi hupimwa udongo wa milima ya hapa. Udongo wa Msimbu, kijiji cha jirani, huletwa Alhamisi na Pazi, mwenye baiskeli, na kupimwa Ijumaa. Mvua ilikuwa kubwa na chumba kizito, wakawasha taa ya darini, inayotumia umeme wa jenereta yao. Bwana Kemp alipima kwanza kigae cheupe cha kulinganishia, kama afanyavyo kila asubuhi. Halafu Isihaka, aliyekuja na kanzu na kofia ili atoke kazini moja kwa moja msikitini, akatia visahani vya Msimbu.

Sindano ilipanda kuliko siku zote nilizokuwapo. Bwana Kemp alipiga mluzi.

Shamba la Msimbu ni la mzee Mwinyimadi. Zubeda, mke wa Isihaka, ni binti yake. Hili nimeambiwa na Pazi, si na Isihaka.

Jumamosi, 9 Machi

Bwana Kemp amevipima tena visahani vilevile kwa mkono wake. Vimeshuka. Ni udongo wa kawaida. Ameviangalia kwa kioo cha kukuza, kimoja kimoja.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Bi Siwema ameungua kidole. Udongo wa hapa umekaa palepale.

Ijumaa, 15 Machi

Leo imetokea tena. Msimbu imepanda juu ya wote. Adhuhuri, Isihaka akiwa msikitini, Bwana Kemp alivipima na vikashuka. Akafungua sanduku la valvu, akabadilisha mbili, akasafisha miguu ya nyingine kwa spiriti, akapima kigae: sawasawa. Akapima tena: sawasawa. Mashine nzima ilikuwa nzima.

Isihaka aliporudi walizungumza mbele yangu. Sikuombwa kutoka.

"Isihaka, mashine haina dini. Haijui Ijumaa."

"Basi mwenye kosa ni mwenye dini, bwana?"

"Sijasema hivyo. Nasema wewe ukitia udongo wa mkweo, unakuwa mweupe. Mimi nikiutia, unakuwa udongo."

"Unadhani naupaka chokaa."

"Nauliza."

"Umeuliza. Sipaki."

Alijibu upesi mno. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika kesi, na watu wanaojibu upesi namna hiyo nimewaona wengi wakielekea jela. Naandika hapa ninavyodhani leo: anapaka.

Jumapili, 17 Machi

Nimekunywa kahawa barazani na Pazi. Anasema huko Msimbu mzee Mwinyimadi anatembea kifua mbele. Anawaambia watu, "Mkwe wangu yuko ndani ya ile nyumba. Mtu akiwa na mkwe ndani ya nyumba, hapigi hodi." Maneno haya yamefika Kisarawe yote. Bila shaka yamefika na kwa mpishi wa Bwana Kemp, na kutoka jikoni hadi mezani si mbali.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda Msimbu na Pazi, baiskeli ikitubeba kwa zamu na sisi tukiibeba kwa zamu. Mzee Mwinyimadi ni mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa gazeti? Andika shamba langu lina udongo kama unga wa ngano."

Majirani wote wamepanda. Mahindi yao yameshatoka ardhini. Shamba la mzee ni majani matupu. Nimemwuliza sababu.

"Nipande nini, na wazungu wanakuja kupachimba? Nipande ili waking'oa nilie?"

"Wameshasema wanakuja?"

Aliangalia pembeni, akatabasamu. "Nina mkwe," alisema.

Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele, aliitikia bila kuinua uso: "Una mkwe, mihogo huna. Tutamtafuna mkwe."

Ijumaa, 22 Machi

Siku ndefu, nami nilikuwapo tangu mwanzo. Bwana Kemp ameamua kuondoa jambo mojamoja, na kwa hili namheshimu. Isihaka asipake mafuta ya nazi mikononi leo: hakupaka. Asifukize nguo kwa udi, huenda moshi unashika visahani: hakufukiza, ingawa Zubeda alilalamika kwamba mumewe anakwenda msikitini akinuka valvu. Visahani vigandamizwe na Bwana Kemp mwenyewe, Isihaka avitie tu. Nikapewa kazi ya kumtazama mikono.

Nilimtazama. Mikono ilikuwa mitupu na mikavu. Alichukua kisahani kwa koleo, akakitia, akainama kusoma sindano, akasema alama. Imepanda. Cha pili. Imepanda. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikawa shingoni mwake, sikuona chokaa, unga wala ujanja. Bwana Kemp akaja, akatoa, akatia yeye. Imeshuka.

"Bwana Saburi, umeona nini?" aliniuliza.

"Sikuona kitu."

"Mimi pia sikuona. Lakini ripoti yangu inaondoka mwisho wa Aprili. Siwezi kuandika kwamba sikuona kitu. Isihaka, nisipopata sababu kabla ya siku hiyo, itabidi niandike kwamba vipimo vya Msimbu viliharibiwa na mtu, na mtu mwenyewe utakuwa wewe. Unajua maana yake."

Isihaka alijua. Fundi aliyeandikwa hivyo hapati kazi ya mashine tena, si hapa, si Dar es Salaam. Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena, akatoka kwenda kuswali.

Dhana yangu ya juma lililopita imeingia ufa. Sijaitupa bado.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Lori limezama barabarani na mkaa wake.

Sofu, Kibaha, Jumapili, 31 Machi

Nimekuja kwa mama kwa ajili ya kuandama kwa mwezi. Kutoka Kisarawe hadi Kibaha nimebadilisha magari na matope mara nyingi. Mwezi umeonekana, kesho tunafunga. Mama ameniuliza ninaandika nini huko. Nimemweleza habari ya udongo na mkwe. Akasema, "Na huyo mkwe mwenyewe, ana raha?" Nikasema hana. "Mwizi angekuwa na raha kidogo, hata ya siku mbili," alisema, akaenda kutazama uji wake.

Kisarawe, Alhamisi, 4 Aprili

Jambo jipya. Tangu Jumatatu udongo wote umepanda. Siyo wa Msimbu peke yake: wa mlimani, wa bondeni, hata ule wa manjano ambao Bwana Kemp aliuita udongo wa kujengea vyoo. Isihaka akiutia, unapanda. Bwana Kemp akiutia, unashuka.

Nimewauliza wote wawili swali moja: kwa nini mtu adanganye kwa faida ya shimo la mtu asiyemjua? Bwana Kemp akauliza, "Hata hilo la vyoo?" Nikasema hata hilo.

Nimeitupa dhana yangu. Anayedanganya huchagua, naye huyu hachagui. Limebaki swali la kweli, nalo limeninyima hamu ya kuandika jambo jingine lolote: kitu gani kilikuwa cha Ijumaa peke yake, na tangu Jumatatu kimekuwa cha kila siku?

"Saumu," alisema Bi Siwema nilipomweleza. "Mfungaji ana baraka mikononi."

"Na zile Ijumaa za Machi? Hakuwa amefunga."

"Basi Ijumaa ina baraka yake. Wewe mbishi. Shika hili bakuli."

Jumamosi, 6 Aprili

Bwana Kemp amejaribu njaa. Jana na leo hakula wala kunywa mpaka alasiri, akapima. Sindano haikupanda. Alikuwa na uso wa majivu. Isihaka alimwambia, "Pole, bwana. Bado siku nyingi." Walicheka wote, mara ya kwanza tangu nije.

Jumanne, 9 Aprili

Hakuna kipya.

Alhamisi, 11 Aprili

Imepatikana. Naandika kwa mpango, jinsi ilivyokwenda.

Asubuhi mvua ilipiga tangu alfajiri. Isihaka alifika ameloa mwili mzima, kanzu imemganda miguuni. Mwezi huu huvaa kanzu kila siku, kwa kuwa akitoka kazini huenda kukaa darsani msikitini, kama wengi wa hapa. Alitetemeka hata koleo likamtikisika. Bwana Kemp akamwambia avue, akampa koti lake la mvua, jeusi, refu. Isihaka akaitundika kanzu msumarini, akavaa koti juu ya fulana na msuli, akatia kisahani cha kwanza.

Haikupanda.

Alitia cha pili. Haikupanda. Alikitoa, akakigeuza, akakitia tena. Chini.

"Leo umefunga?" Bwana Kemp aliuliza.

"Nimefunga."

"Umepaka kitu?"

"Maji ya mvua, bwana."

Walitazamana. Nadhani wote watatu tuligeuka kwa pamoja kuitazama kanzu, lakini Isihaka ndiye aliyenyanyuka. Aliikamua, akaja nayo, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tundu lile la pembeni lililokosa mlango, kama mtu anayepima pazia. Sindano ikapanda. Akaiondoa. Ikashuka. Akaileta. Ikapanda.

"Inaona kanzu yangu," alisema polepole.

"Haiwezi," Bwana Kemp alisema. "Kanzu haina mapigo. Mwanga wa kanzu ni mwanga wa chumbani, na mwanga wa chumbani…" Akainua macho darini, kwenye glopu. Akaenda ukutani, akaizima.

Chumba kikawa na kiza cha mvua. Isihaka alileta kanzu. Sindano haikutikisika. Bwana Kemp akawasha. Ikapanda. Akazima. Ikashuka. Akawasha na kuzima mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akakaa juu ya sanduku la valvu za akiba na kuanza kucheka peke yake.

Nilidai maelezo, wakanipa kwa kupokezana. Taa ndogo ndani ya kisanduku inatumia betri, haina shida. Lakini mota inayozungusha sahani inatumia jenereta, na glopu ya darini inatumia jenereta hiyohiyo. Umeme wa jenereta haumwagiki kama maji ya mfereji, unakwenda kwa mapigo. Mota inafuata mapigo hayo. Glopu nayo inapepesa kwa mapigo hayo, upesi mno kwa jicho letu, lakini si kwa jicho la mashine. Na matundu ya sahani yalikuwa yamepangwa hivi kwamba miendo miwili ililingana kabisa.

"Yaani," Isihaka aliniambia, "yule mpita njia kumbe anapiga makofi. Na amefundishwa na mpiga ngoma wetu wenyewe."

Wakati wa kiangazi hawakuwasha taa, dirisha lilitosha. Masika yalipoleta kiza wakaiwasha. Masika yaleyale yaliuvimbisha mlango, ukang'olewa. Bado hapo mwanga wa glopu uliopenya tunduni ulikuwa haba, mpaka iinamishwe karibu na tundu nguo nyeupe pana kuurudishia ndani. Bwana Kemp anavaa kaki. Isihaka siku za kawaida anavaa kaki. Mimi nilipomsogelea nilikuwa na koti la kijivu. Ijumaa pekee ndiyo iliyokuwa na kanzu, na Ijumaa ilikuwa ya Msimbu.

"Mlango niliung'oa mimi," Bwana Kemp alisema.

"Na kanzu niliivaa mimi," alisema Isihaka.

"Kanzu si kosa."

"Sikusema ni kosa, bwana. Nasema niliivaa."

Bwana Kemp alimnyooshea mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga, "Niwie radhi, Isihaka." Isihaka aliupokea. "Tumeshasameheana," alisema, "lakini barua ya kampuni uiandike leo, kabla hujapata njaa nyingine." Barua ikaandikwa palepale.

Ijumaa, 12 Aprili

Isihaka ameuranda mlango, sasa unafunga. Mota imewekewa kapi jingine ili sahani izunguke kwa mwendo usiolingana na wa glopu. Kanzu, kaki, taa, kiza: sindano haijali. Kazi yote ya masika inarudiwa tangu mwanzo.

Alhamisi, 18 Aprili

Wanarudia.

Alhamisi, 25 Aprili

Wamemaliza. Wa kwanza ni udongo wa mlimani upande wa magharibi. Msimbu uko karibu na mwisho. Chini yake ni ule wa vyoo. Ripoti inasema hivyo, na inasema kwamba fundi Isihaka Jumbe hana lawama.

Nilidhani nitamkuta mtu mwenye furaha. Nimemkuta amekaa mlangoni kwake akichokoa matope viatuni kwa kijiti. Zubeda alikuwa ndani, akizungumza naye kupitia ukuta.

"Utamwambia wewe," Zubeda alisema. "Mimi simwambii baba yangu."

"Nitamwambia."

"Na uvae viatu vya kukimbilia."

Jumamosi, 27 Aprili

Msimbu, pamoja na Isihaka. Mvua ilikuwa imepumzika. Tulimkuta mzee Mwinyimadi ukingoni mwa shamba lake la majani, amesimama tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Na wewe wa gazeti, marahaba. Wanakuja lini?"

Isihaka alimweleza yote kwa heshima, bila kuruka kitu: mlango, taa, kanzu, jenereta. Alieleza vizuri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika.

"Ngoja," alisema. "Zile Ijumaa zote. Hukutia kitu kwenye udongo wangu?"

"Sikutia, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hukunisukumia sindano kwa kidole?"

"Hapana, baba. Sindano iko ndani ya kioo."

Mzee alinigeukia, kana kwamba mimi ni hakimu. "Masika yote nimewaambia watu hapa nina mkwe anayenijali. Nimewaambia anajitia hatarini kwa ajili yangu. Usiku namwombea dua asikamatwe." Akamgeukia Isihaka. "Kumbe hukunifanyia kitu."

"Sikufanya, baba."

"Nilikuombea bure."

Hapo nilielewa maneno yake niliyoyasikia barazani yalitoka katika moyo gani, na kwamba yeye na Bwana Kemp walikuwa wameamini jambo lilelile, mmoja kwa hasira na mwingine kwa shukrani. Isihaka alielewa pia. Alitazama chini, mdomo ukimcheza. Sikujua kama ni kicheko au kitu kingine.

Mke wa mzee alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Aliweka chini mzigo wa vijiti vya mihogo, vibichi, vimekatwa tayari kwa kupandwa. Hakuvikata leo asubuhi, vilikuwa vimeanza kuchipua. Alipita katikati yetu, akamkabidhi Isihaka jembe.

"Mvua bado ipo," alisema. "Mihogo haiulizi weupe."

Mzee Mwinyimadi alimtazama mkwewe kuanzia miguuni hadi kichwani. "Mtu mwaminifu wewe," alisema hatimaye, kama mtu anayetaja ila ya ng'ombe kwa mnunuzi. "Anza upande ule wa mpapai. Mistari inyooke."

Isihaka alivua viatu, akaingia shambani. Mzee akachukua jembe la pili, akaanza upande wa pili, ili wakutane katikati.